Gunia la Kahawa Lililopanda Ndege

Wenzangu wa chumba cha mitungi ya kuzamia, tangu nirudi kazini na mkono uliofungwa kitambaa mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja nimempa kipande. Riziki ana kipande cha ndege, Salim ana kipande cha bwawa, na mpishi amejazia vyake. Jana nimesikia ati niliumwa na mamba huko Nyeri. Nyeri hakuna mamba. Basi nimekaa chini nikaandika yote tangu mwanzo. Someni, mpeane, halafu mniache nifanye kazi.

Habari za kutafuta tiketi na kuomba ruhusa siandiki, kwa sababu mlikuwepo na mlinisikia nikigombana.

Mombasa: hewa inamwagwa

Telegramu ya Mama ilikuja Jumatatu jioni. Ilisema: NJOO NA MASHINI YA KUPUMUA. NIMEWAAMBIA UTAKUJA NA NDEGE. MWISHO ALHAMISI SAA NNE. MAMA.

Maelezo yake niliyapata baadaye, lakini nawapa sasa msije mkapotea njiani. Kwetu Gakindu kuna kiwanda cha kahawa cha wakulima, na maji yake hutoka kwenye bwawa dogo lililo juu yake. Kahawa mbivu ikichumwa leo inatakiwa imenywe maganda leo leo, na bila maji mashine haimenyi. Ikilala inachacha, na ikichacha umefanya kazi ya mwaka mzima bure. Sasa mdomo wa bomba kule chini ya bwawa ulikuwa umezibwa na kitu, na hakuna aliyekijua. Kamati ikaamua kuuvunja ukuta wa bwawa, maji yatoke, bomba lizibuliwe. Kuuvunja ni kazi ya asubuhi moja. Kuujenga tena ni kazi ya miezi, na kahawa ilikuwa inaiva miti yote kwa pamoja.

Mama akasimama mkutanoni. Aliwaambia wasivunje, kwa sababu ana binti anayefanya kazi chini ya bahari, na huyo binti atakuja azibue bomba maji yakiwa yamejaa vilevile. Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka, akamwambia hivi: "Sawa, mama. Tutangoja mpaka Alhamisi saa nne. Lakini asipokuja, ama akuje ashindwe, wewe hutasimama tena kwa mkutano yetu. Utakuwa unakaa chini na kunyamaza." Na Mama akakubali mbele ya wote.

Hilo ndilo lililonipeleka. Basi la usiku lingenifikisha, najua, msiniambie. Lakini Mama alikuwa ameshawatangazia ndege, na mimi singeshuka kwenye basi na vumbi kichwani niwape watu kitu cha kumcheka. Tena Nanyuki, kwenye uwanja wa ndege, kuna Otieno wa zimamoto, yule aliyekuja hapa kujifunza kuzamia mwaka jana. Ana mashine ya kujaza mitungi ya hewa. Nilimpigia simu, akasema nije Jumanne au Jumatano kabla ya saa sita, maana baada ya hapo mashine inapelekwa kufanyiwa matengenezo.

Mnakumbuka zipu ya begi langu la kuzamia ilikufa zamani. Nilichokuwa nacho ni gunia ambamo Mama hunitumia viazi na nduma, yale magimbi ya kwetu, gunia la kahawa, lenye alama ya kiwanda na namba yake ya uanachama kwa rangi nyekundu: 214. Nikatia mtungi, nikauzungushia suti ya mpira, nikatia kipumulio, miwani, mapezi na ule mkanda wa vyuma unaonivuta chini, nikashona mdomo kwa uzi wa katani na sindano kubwa. Jina langu sikuandika. Kwetu namba ya kahawa inatosha. Mtu akiona 214 anajua ni kwa Mama Nyambura, hata mbwa wetu anaitwa mbwa wa 214. Sikufikiri kwamba Mombasa na Nairobi hawajui hivyo.

Pale uwanjani ofisa alilipapasa gunia, mkono ukasimama kwenye mtungi.

"Dada, humu mna nini?"

"Mtungi wa hewa."

"Hewa gani?"

"Hiyo hiyo unayoivuta."

Akanitazama sana. "Sasa waibebea nini? Kwani huko uendako hakuna?"

Nikamweleza kuhusu bwawa, bomba, Mama. Akasikiliza kwa adabu zote, kisha akasema mtungi uliojaa hauingii kwenye ndege. Kwa hilo alikuwa na haki, na nilijua, ila nilikuwa nimetumaini atakuwa mvivu wa kupapasa. Nikafumua uzi nilioushona nusu ya usiku, nikafungua koki palepale mbele ya foleni. Mnajua sauti yake. Watu walikimbia, mama mmoja akaacha kiatu. Ofisa mwenyewe alirudi nyuma hatua tatu, halafu akajifanya alikuwa anaenda kuangalia saa. Nikakaa sakafuni na gauni la Riziki nililoazima, nikashona gunia upya, sikumwangalia mtu.

Nairobi: tunawekwa kwenye mizani

Ndege ya Nanyuki ni ndogo, ya watu tisa. Kabla ya kupanda mnapimwa uzito mmoja mmoja pamoja na mizigo yenu. Mimi nilipopanda ile mizani niliona kama nimerudi kiwandani, nikakaribia kuuliza kahawa yangu ni daraja gani. Mbele yangu alikuwa bwana mmoja mnene mwenye suti na masanduku mawili ya ngozi. Rubani akapiga hesabu, akatikisa kichwa.

"Tumezidi. Gunia libaki."

"Kwa nini gunia?" nikamuuliza. "Sanduku moja la huyu bwana lingetosha."

"Dada, viazi vyako haviozi kwa siku moja."

"Si viazi."

"Basi ni nini?"

Yule bwana wa masanduku akageuka kunitazama, akaanzia kwenye viatu, akapanda mpaka kwenye gauni, akashuka tena mpaka kwenye gunia. Wengine nao wakageuka. Ninawaambieni ukweli, wenzangu: niliona haya. Mimi niliyeanza hapa kazini kwetu kwa kufua suti za mpira za wageni, nikajifunza kuzamia kwa kuwachungulia, nikawapita, niliona haya kwa sababu ya gunia la mama yangu. Nikasema tu, "Ni vyombo vya kazi," kwa sauti ndogo. Rubani akaniahidi vitakuja kesho saa tatu asubuhi. Nikapanda.

Mlima tuliuona upande wa kulia, kilele kiko wazi. Yule bwana alilala njia nzima, mdomo wazi. Nilifurahi kidogo.

Nanyuki: ndege inayofuata mawingu

Otieno alikuwa amenisubiri na mashine yake tayari. Akanitazama mikono.

"Mtungi uko wapi?"

"Kesho saa tatu."

"Basi bado tuko sawa," akasema. Tukaenda kula nyama choma na mukimo wa viazi na mahindi ya kupondwa mahali karibu na soko. Baridi ya Nanyuki mnaijua kwa kuisikia tu. Nililala na soksi, sweta na gauni la Riziki juu yake. Riziki, samahani.

Jumatano nilifika uwanjani saa tatu kasoro robo. Uwanja mtupu. Karani mmoja mwembamba alikuwa anapangusa meza.

"Ndege ya saa tatu bado?"

"Ilikuja saa kumi na mbili na nusu," akasema. "Ikarudi."

"Niliambiwa saa tatu."

"Hapa ndege inafuata mawingu, haifuati saa. Mlima ukifunika mapema, inakuja mapema. Ati hawakukuambia?"

Sikuambiwa. Nikamwomba mzigo wangu. Akauliza ni mzigo gani, na hapo ndipo nilipojiharibia, msikilize vizuri. Yule bwana wa masanduku alikuwa amekuja kuchukua sanduku lake la pili, kumbe na lake lilibaki. Amesimama pale pembeni yangu na suti nyingine. Nikanyoosha shingo, nikasema: "Vyombo vya kitaalamu vya kuzamia." Neno gunia halikunitoka.

Karani akaenda stoo, akarudi na mfuko wa fimbo za gofu.

"Hii?"

"Hiyo si ya kuzamia."

Akaenda tena, akarudi na sanduku la karatasi lenye matundu, linalia piu piu. Vifaranga mia moja vya mtu.

"Hii?"

"Bwana, mimi ninazamia na vifaranga?"

"Mimi sijui nyinyi mnazamia na nini," akasema, na hakuwa na kosa.

Akanipa karatasi nijaze. Nikajaza kwa maneno makubwa: vyombo vya kitaalamu vya kuzamia, mali ya mtaalamu. Akaisoma mara mbili, akasema aliyepokea mizigo asubuhi ni mwenzake, amemaliza zamu na ameenda shambani kwake, harudi mpaka kesho. Akasema pia hajaona kitu cha kitaalamu. Nikakaa kwenye benchi. Nilikaa mpaka saa sita, ninakwenda kwa karani, ninarudi, ninakwenda. Mara ya tano akaninunulia chai na andazi, nadhani ili mdomo wangu upate kazi nyingine. Chai nilikunywa. Kazi ya mdomo niliendelea nayo.

Saa sita Otieno akaja na gari la zimamoto, mashine yake imefungwa nyuma.

"Dada, mtungi naweza kukujazia," akasema. "Mkono mtupu siwezi."

Akaondoka. Karani akaniambia kwa huruma, "Wewe rudi tu nyumbani. Mizigo kama hiyo huonekana baada ya wiki moja, mbili."

"Nyumbani naenda," nikamwambia. "Lakini siendi kungoja mzigo. Naenda kufanya kazi, uje usije."

Maneno mazuri, mtakubali. Nilipofika nje nililia kidogo nyuma ya matangi ya mafuta, kisha nikaenda kutafuta gari.

Nanyuki hadi Nyeri: kabichi

Nilipata lori la kabichi linalokwenda sokoni Nyeri. Dereva aliitwa Wahome, mzee mpole wa Naro Moru, na alinikalisha mbele. Maskini ya Mungu, hakujua anachojitafutia. Tangu Nanyuki mpaka Naro Moru nilimsimulia mambo ya ndege. Tangu Naro Moru mpaka Kiganjo nilimsimulia mambo ya makarani. Wahome alisema "ii" na "haiya" pale ilipofaa, na pale Kiganjo akasimama akaninunulia mahindi ya kuchoma.

Nikiwa natafuna, yeye akapata nafasi. Akasema, "Hata mwenzangu leo asubuhi alipatiwa mzigo hapo kwa ndege. Gunia. Nzito, wacha tu. Nikamwambia sijui watu siku hizi wanabeba mawe."

Nikameza mahindi na kuendelea na makarani. Sikumsikia, wenzangu. Masikio yalisikia, mimi sikusikia. Maneno yake yalinirudia siku ya pili, na nilipokumbuka nilitaka kujipiga kofi.

Majengo: kwa Bi Zuhura

Gari la mwisho la kwetu lilikuwa limeshaondoka, kwa hiyo Nyeri nililala Majengo kwa Bi Zuhura, rafiki ya Mama tangu sijazaliwa. Baba yake alikuja kutoka pwani zamani akabaki, na yeye ana hoteli ndogo jirani na msikiti. Mama humletea nduma na parachichi, wakakaa jikoni wakasengenya Nyeri nzima. Ndiye mtu wa kwanza tangu nishuke ndege aliyesema nami Kiswahili cha hapa pwani.

"Karibu mwanangu. Mbona mikono mitupu?"

Nikamweleza. Akanipakulia pilau, akaniwekea na kachumbari, akasikiliza mpaka mwisho bila kunikata. Kisha akasema, "Hilo bwawa lina kina gani?"

"Mama anasema watu wawili na nusu wakisimamiana."

"Na huko baharini washuka kiasi gani?"

"Watu kumi. Kumi na tano."

"Basi?"

"Bi Zuhura, huko nashuka na hewa mgongoni."

"Na kifuani mna nini? Uji?"

Nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Lakini yeye hakuwa anacheka. Akaanza kuosha sahani, akanisemesha akiwa amenipa mgongo. "Nyambura, mama yako hakusimama kwa ajili ya maji peke yake. Baba yako alipokuwa hai, yeye ndiye aliyekuwa akisema kwenye ile mikutano. Alipokufa walidhani 214 imenyamaza. Mama yako akaanza kuuliza maswali: mbona paa la stoo lavuja, mbona mizani yafichwa ndani wakulima wasiione. Wanamtafutia sababu siku nyingi. Kesho wakimkalisha chini, hasimami tena. Namjua."

Sikulala vizuri. Alfajiri akanipa kamba mpya ya katani, kisu cha nyama na kaptula ya marehemu mumewe. Akasema kaptula niirudishe, kamba si lazima.

Gakindu: saa nne kasoro

Nilifika kiwandani saa tatu na nusu. Watu walikuwa wamejaa uwanja mzima, wengine na majembe, wawili na nyundo kubwa za kuvunjia mawe. Mama alikuwa amesimama peke yake karibu na mfereji, na kitambaa chake cha kanisani kichwani. Akanitazama mikono kama walivyonitazama wote.

"Mashini iko wapi?"

"Imepotea, Mama."

Akanishika mkono. "Wewe hujapotea," akasema. "Twende."

Mwenyekiti alikuwa amekaa mbele ya mlango wa stoo, juu ya gunia, fimbo mkononi. Viti vyote vilikuwa vimechukuliwa na wanakamati, na yeye ni mtu wa kupenda kukaa karibu na mlango. Nikamwamkia. Akaitikia vizuri tu, si mtu asiye na adabu.

"Mtoto wetu, umekuja na ndege?"

"Ndiyo, baba."

"Na hiyo mashini tuliambiwa?"

"Imebaki njiani."

Akawageukia watu. "Mmesikia. Ndege imekuja, mashini imebaki. Mimi sina ubaya na mtu. Tulisema Alhamisi, leo ni Alhamisi. Mama Nyambura alikubali mwenyewe na mdomo yake." Akajisogeza pale alipokaa, akajikuna kiuno. "Hii gunia iko na mawe ndani? Imeniumiza tangu asubuhi." Kisha akasimama, akanyoosha fimbo kuelekea bwawani. "Wenye nyundo, twendeni."

Watu wakaanza kutembea. Mama hakutembea. Alikuwa anatazama pale mwenyekiti alipokuwa amekaa, na mimi nikatazama anapotazama. Gunia lilikuwa limebonyea katikati, na kwenye ule mbonyeo, kwa rangi nyekundu iliyochujuka, kulikuwa na 214.

"Mwenyekiti," Mama akaita. "Hapo ulikuwa umekalia nini?"

Mtunza stoo ndiye aliyejibu, kwa unyonge. "Ililetwa jana na lori ya kabichi. Dereva alisema imeshuka na ndege Nanyuki, karani wa huko ni mtu wa Mukurweini, akaona alama ya kiwanda yetu akasema ipelekwe kwao. Mimi nikaona ni namba ya Mama Nyambura. Nikasema ni gunia amesahau, atakuja kuiuliza."

Basi. Ndivyo kwetu tunavyofanya: gunia la mwanachama likionekana, linarudishwa kiwandani, na mwenyewe analiuliza akija. Hakuna aliyekosea. Yule karani wa asubuhi alisoma namba kama anavyosoma jina la jirani, akafanya wema. Na mimi ningesema neno gunia mara moja tu pale Nanyuki, mara moja, karani mwembamba angeniambia limeenda wapi, na ningekuwa Gakindu tangu Jumatano. Nilisimama pale nikiwa na hasira na kicheko kwa pamoja, sikujua kipi kitoke kwanza.

Nikakata uzi kwa kisu cha Bi Zuhura. Watu wakarudi mbio kuangalia. Nikatoa mapezi, wakasema ni miguu ya bata. Nikatoa kipumulio, wakasogea karibu. Nikatoa mtungi, na mwenyekiti akaugonga kwa fimbo ukalia kama debe tupu.

"Hewa iko ndani?"

"Hapana, baba. Niliimwaga Mombasa."

Kicheko kilichotoka hapo sitakisahau. Hata watu wetu wa karibu walicheka. Mwenyekiti alingoja kiishe, na alisema bila ubaya, "Sasa utapumua nini?"

"Nitapumua juu," nikamwambia. "Chini nitafanya kazi. Ni saa ngapi?"

Mtu akasema saa nne kasoro dakika kumi na tano.

"Basi hizo bado ni zangu."

Mtungi niliurudisha guniani, nikavaa suti ya mpira, miwani, mapezi na mkanda wa vyuma. Nikawaambia wafunge mlango wa bomba kule kiwandani, maji yasije yakaninyonya. Kamba ya Bi Zuhura nikaifunga kiunoni, na ncha yake nikampa Mama. Nikivuta mara moja niko salama, nikivuta mara mbili nitoe.

Yale maji, wenzangu, yanatoka mlimani. Mimi niliyezoea bahari yenye joto kama maji ya kuoga nilihisi kichwa kinapasuka kwa baridi. Na ni meusi. Mara ya kwanza nilishuka nikapapasa tope tu, nikapanda. Mara ya pili nikaupata mdomo wa bomba. Mara ya tatu nikajua kilichoziba: shina zima la mgomba, limeoza nusu, limejisokota na waya wa uzio na majani mpaka likawa kitu kimoja. Nikashuka na kisu. Kila nikishuka nakata kidogo, pumzi inakwisha, napanda, natema, nashuka. Mara ya sita au ya saba waya ukanipasua kiganja, ndicho hiki kitambaa mnachokiona. Si mamba.

Nilipopanda mara ya nane nikasikia mwenyekiti akisema, "Saa nne imefika." Wenye nyundo wakainuka.

Mama hakugeuka. Kamba ilikuwa imemzunguka mkono mara mbili. "Mtoto wangu yuko ndani ya hayo maji," akasema. "Anayetaka kuvunja huo ukuta akuje aanze na mimi hapa."

Hakuna aliyesogea. Mwenyekiti akatazama nyundo, akatazama Mama, akachomeka fimbo yake ardhini na kuiegemea. Nikashuka.

Mara tatu zaidi. Ile ya mwisho niliufunga mgomba kwa mkanda wangu wa vyuma, nikaunganisha na ncha ya kamba niliyoifungua kiunoni, nikapanda bila uzito wowote nikiwa siwezi hata kusema. Nikawaonyesha kwa mkono: vuteni. Mama akavuta, mtunza stoo akashika, wale wa nyundo wakatupa nyundo wakashika. Mgomba ukatoka na tope lake lote ukalala juu ya majani, na watu wakasimama wakiutazama, kitu kidogo hivyo.

Mlango wa bomba ukafunguliwa. Kwanza likakohoa, likatema maji meusi, kisha maji safi yakaja. Mfereji ukajaa mpaka kwenye ukingo, mashine ya kumenya ikawashwa, na wanawake waliokuwa na kahawa ya asubuhi wakakimbilia foleni na magunia yao.

Mimi nilikuwa nimekaa chini na blanketi la mtu, natetemeka, na kikombe cha chai mkononi. Mwenyekiti alikusanya watu mbele ya stoo ili afunge mkutano. Alisema tunamshukuru Mungu, tunamshukuru mtoto wetu kutoka Mombasa, na sasa tuombe, kila mtu aende kazini. Akavua kofia. Wengine wakavua.

"Bado," Mama akasema.

Alikuwa amesimama. Kamba ilikuwa bado mkononi mwake, imemwachia alama nyekundu mpaka kwenye kiwiko. Mwenyekiti, kofia kifuani, akarudi kinyumenyume akakaa. Mahali palipokuwa karibu palikuwa juu ya gunia la 214, na akakaa hapo hapo, juu ya mtungi.

"Nataka tuongee juu ya paa la stoo," Mama akaanza. "Halafu mizani."

Akaongea mpaka chai yangu ikapoa.